Makao ya Watoto Hayana Mlango wa Nyuma

Simu imekufikia kutoka Makueni: dada yako amefariki, na wanawe watatu wamebaki na nyanya asiye na nguvu za kuchota maji. Wewe Nairobi una chumba kimoja. Unawaza makao ya watoto. Subiri kidogo.

Usimbembeleze mwenye makao. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, makao ni njia ya mwisho, na anayeamua ni hakimu. Anzia kwa afisa wa watoto wa serikali huko huko, ukiwa na cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa. Atamtembelea nyanya, atawauliza wajomba (hata yule mliyekosana naye), kisha atapeleka ripoti kortini. Anayekuambia amefungua makao juzi, mtilie shaka: serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya Novemba 2017.

Huko Kitui, Padri Angelo D'Agostino aliasisi Kijiji cha Nyumbani, ambako mayatima wa UKIMWI hulelewa na wazee, nyumba kwa nyumba.

Muulize afisa mapema kama watatu hao watakaa pamoja. Na mtoto akiwa hatarini usiku, piga 116. Haitozwi hata senti.