Maji ya Mto Mmoja

Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale yametengwa na mwendo wa barabara, lakini yanaunganishwa na maji. Mto Rwizi hushuka kutoka vilima vya Buhweju, hupita Mbarara, ambako maji yake husafishwa kwa matumizi ya wakazi, kisha huelekea mashariki hadi kwenye vinamasi na maziwa ya Mburo na Nakivale.

Makazi hayo, wilayani Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja wa mataifa mbalimbali. Maji huvutwa kwa pampu kutoka ziwani, hutiwa dawa na kupelekwa kwenye matangi na vituo vya kuchotea.

Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, pampu haiumbi maji. Kingo za mto zinapolimwa na vinamasi kukaushwa, mvua huzoa udongo na kuutia majini. Maji ya tope huhitaji dawa nyingi zaidi, huziba machujio na kuongeza gharama. Anayeumia ni mama aliye kwenye foleni ya madumu.

Mwaka 2020 Mbarara ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Jiji linalokua huhitaji maji mengi na hutoa taka nyingi. Kwa hiyo, hapana budi kingo za Rwizi zihesabiwe kuwa sehemu ya mradi wa maji, sawa na bomba na tangi. Mkulima anayeyaacha matete yaote ukingoni naye anafanya kazi ya umma.