Taa moja moja katika utepe

Wengi wetu hapa Bambu tunajua ule utepe wa taa za LED unaowaka rangi rangi. Je, inawezekana kupunguza taa moja tu, zingine zibaki? Ndiyo, kama utepe ni wa aina ya WS2812B. Kila taa, ndiyo pikseli, inapokea namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, tangu 0 mpaka 255. Inashika zake, zinazobaki inapitishia jirani.

Mfano: 200, 100, 40. Tukitaka robo ya nguvu, tunagawanya zote kwa 4: 50, 25, 10. Tukipunguza moja tu, rangi inageuka. Tena programu itunze namba za kwanza, maana ukigawanya na kugawanya, rangi inapotea.

Faida ni nini? Pikseli moja nyeupe kabisa inakula karibu miliampea 60. Pikseli 60 ni ampea 3.6. Batri ya sola inaisha mbio, na sisi wa mwaka wa mwisho tunangojwa na Mtihani wa Serikali. Basi zile za juu ya vitabu ziwake sana, za mlangoni kidogo tu. Umeme mdogo ukigawanywa vizuri, tutasoma wote.