KUCHORA NI KAZI AO NI MCHEZO?



Kisha namba iliyopita kutoka, wengi walituuliza: "Mbona kichwa cha gazeti kinaonekana kama kimekuliwa na panya?" Ni kweli, hatukatai. Tulikuwa tumechora herufi kubwa, nene, juu ya stensili, tukazijaza ndani kwa kalamu ya chuma, tena kwa nguvu. Sasa, karatasi ya stensili iko na nta juu yake, na wino unapita tu pale ambapo nta imesukumwa. Tulipoondoa nta fasi kubwa namna ile, karatasi ikapasuka. Kati ya herufi O ikaanguka kabisa. Mashine ya roneo ilipozunguka mara chache wino ukamwagika, na karatasi karibu arobaini zikaenda motoni. Prefe hakufurahi.

Ndugu mmoja wa kalasi ya tano, yeye anayetuchorea, alikamata stensili ingine na kuanza upya. Alichora herufi zile zile kwa mistari miembamba, bila kuzijaza, na kivuli akakifanya kwa nukta nukta. Ndilo jalada munalolishika leo mikononi.

Tunawaeleza habari hii sababu huyu ndugu anataka kusomea kazi ya namna hiyo, na nyumbani kuna shida. Baba yake mkubwa, ambaye anamlipia minervali, amesema hapana. Kwake kuchora ni mchezo wa watoto. Kijana asome biashara ao ualimu. Sisi hatuko watu wa kumpinga mzee. Anayelipa iko na haki ya kuuliza: kazi hiyo italisha mtu? Basi tulitafuta, tukasoma, tukauliza watu, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuchora ni kuweka picha juu ya karatasi. Lakini ile wanayoita dizaini ni kufikiri namna kitu kitakavyotumika, kisha kukipa umbo linalofaa: kiti, afishi, paketi ya sabuni, kitabu cha kalasi, bango la duka. Mchoraji anaweza kujifurahisha mwenyewe. Mtu wa dizaini iko na mteja, iko na bei, iko na siku ya kutoa kazi, tena iko na mashine ambayo haitaki kila kitu. Ile O yetu iliyoanguka ilikuwa mchoro mzuri na dizaini mbaya.

Mfano mmoja wa mbali unaonyesha jambo hili vizuri. Katika mji wa London kuna treni zinazopita chini ya udongo. Zamani ramani yake ilifuata njia za kweli, na katikati ya mji vituo vilisongamana hata mtu hakuweza kusoma. Mwaka 1931 Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa mipango ya umeme na aliyekuwa amepoteza kazi wakati ule, alichora ramani ingine. Aliacha urefu wa kweli wa njia, akatumia mistari iliyolala, iliyosimama, na ile ya mshazari tu. Wakubwa waliikataa kwanza. Mwaka 1933 wakaichapa, na watu waliipenda mara moja. Hata leo miji mingi inafuata namna ile. Beck alielewa kama msafiri chini ya udongo hatafuti kilometa. Anatafuta fasi ya kuteremka na fasi ya kubadili treni.

Lakini turudi kwetu Kongo, sababu baba mkubwa hatajibiwa na habari za London.

Masomo haya haiko jambo jipya katika inchi yetu. Mwaka 1943 Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya sanaa ya Saint-Luc kule Gombe-Matadi, katika Bas-Congo. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikapata jina la Académie des Beaux-Arts, ambayo ingali Kinshasa mpaka leo. Kule mtu anaweza kusoma kupaka rangi, kuchonga, udongo wa kufinyanga, kufua chuma, mapambo ya ndani ya nyumba, na mawasiliano kwa picha, maana yake afishi na matangazo. Upande wa Katanga, Pierre Romain-Desfossés alifungua atelie yake Élisabethville mwaka 1946, na humo walitoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Laurent Moonens naye alianzisha shule ya sanaa katika mji ule ule mwaka 1951.

Kuna pia wale waliopita njia ingine. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, aliacha shule na kwenda Kinshasa mwaka 1972 kuchora mabango ya maduka. Mwaka 1975 alifungua atelie yake. Mabango yalimfundisha kuchanganya maneno na picha, na maneno yale akayaingiza katika picha zake kubwa. Mwaka 1989 zilionyeshwa Paris. Bodys Isek Kingelez alijenga miji mizima kwa karatasi na katoni, na mwaka 2018, miaka mitatu kisha kufa kwake, miji ile ilijaza vyumba vya jumba la sanaa la MoMA kule New York. Barly Baruti wa Kisangani, aliyezaliwa mwaka 1959, anachora hadithi za picha. Kitabu chake kimoja cha mwaka 2014, Madame Livingstone, kinaeleza vita vya 1915 pale kwenye ziwa Tanganyika. Hatusemi kama kila mmoja wetu atafika Paris. Wengi hawatafika. Tunasema tu kama mlango upo.

Sasa, mwanafunzi anajitayarisha namna gani? Tulikwenda kuuliza mzee mmoja anayechora mabango karibu na soko. Alitupokea vizuri, lakini hakuacha kupaka rangi hata dakika moja.

"Papa, mtu anaanza wapi?"

"Kwa kuhesabu," alijibu. "Watoto wa leo wanakimbilia rangi. Munafika mwisho wa ubao, herufi mbili zimebaki inje!"

Alituonyesha neno COIFFURE. Liko na herufi 8, basi katikati ni baina ya F na F. Lakini I ni nyembamba, haikamati fasi sawa na U ao R. Kama unaanza katikati kabisa ya ubao, upande wa kushoto utabaki na fasi tupu zaidi. Kwa hiyo yeye analisukuma neno lote kidogo kwenda kushoto, mpaka jicho litulie. "Rula inasema uongo," alisema, "jicho linasahihisha." Tena akatuambia kama hapaki hata herufi moja kabla mteja kuandika jina la duka kwa mkono wake juu ya karatasi na kutia sahihi. Zamani mteja mmoja alimwambia jina kwa mdomo, kisha akakataa kulipa akisema limeandikwa vibaya. Tena anaomba nusu ya feza mbele, juu ya kununua rangi. Mambo haya mawili, karatasi ya sahihi na avansi, tunaona yanafaa kama somo lolote la shule.

Kisha kuna dosiye. Shule ya sanaa, imprimeri, mtu wa matangazo, wote wataomba kuona kazi zako mbele ya kuangalia pointi zako. Si lazima ziwe nyingi. Kazi kumi ao kumi na mbili zilizo nzuri zinapita makumi matatu zilizochanganyika, sababu mtu atakukumbuka kwa ile mbaya. Na usitupe majaribio. Jalada letu lililopasuka, huyu ndugu alitaka kulichoma, tulimkataza. Aliweka ile mbaya upande mmoja wa karatasi na ile nzuri upande mwingine, na chini akaandika mistari mitatu kueleza kilichoharibika na alichobadilisha. Kwa mawazo yetu ule ndio ukurasa wenye nguvu kuliko yote katika dosiye yake.

Juu ya ordinatere, wengine wanafikiri inafanya yote. Haifanyi. Inafaa sana, na anayetaka kazi hii leo ni lazima ajifunze programu zake, hata kama ni saa moja kwa juma kwenye mashine ya rafiki. Lakini ona: skrini inatengeneza rangi kwa mwangaza mwekundu, kijani na buluu. Imprimeri inatumia wino wa namna nne: buluu-maji, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye skrini kinaweza kutoka kimefifia juu ya karatasi. Tena picha iliyo nzuri kwenye simu, ukiikuza kuwa afishi, inatoka kama matofali. Wachapaji wanaomba nukta 300 kwa kila inchi. Asiyejua hayo atalipa makosa kwa mfuko wake.

Jambo la mwisho ni haki. Wanafunzi wengi hawajui kama inchi yetu iko na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda kazi ya mwenye kuitunga, na michoro imo. Basi ukikuta mchoro wako kwenye kalenda ya mtu bila yeye kukuuliza, haiko bahati yako njema. Ni mali yako imekamatwa. Nasi tusinakili michoro ya wengine na kuandika jina letu chini. Katika kalasi zetu jambo hili linafanyika, tunajuana.

Je, kazi hii inalisha? Mzee wa mabango amesomesha watoto wanne. Alituambia pia kama kuna miezi ya njaa, hasa masika, wakati rangi haikauki inje na watu hawajengi maduka. Tumeandika vyote viwili katika barua tuliyomtumia baba mkubwa, pamoja na jalada hili. Hatukuficha miezi ya njaa, sababu yeye ndiye atakayelipa.

Jibu halijafika bado. Dosiye iko na kurasa tisa, zimebaki tatu, na ndugu yetu anaomba mwenye katoni safi ya sanduku la vitabu asiitupe.