Je, Wajua? Herufi Nne, Maneno Matano

Je, wajua kwamba ndani ya neno MALI yamejificha LIMA, MILA, LAMI na IMLA? Herufi ni zilezile, zimehama nafasi tu. Ukizipanga kwa kila namna utapata mipangilio 24: nafasi ya kwanza ina wagombea wanne, ya pili watatu waliobaki, ya tatu wawili, na wa mwisho hupita bila kupingwa. Kuiagiza kompyuta itoe mipangilio yote ya neno, bila kuruka wala kurudia, ni zoezi ambalo wanafunzi wengi wa programu wamelitolea jasho. Lakini zoezi lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta.

Katika karne ya 8, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Oman (ndiye huyo mwasisi wa elimu ya arudhi, yaani kanuni za ushairi, ambayo washairi hawaishi kuibishania), alitaka kamusi ya Kiarabu isiyoacha neno nje. Hakungoja maneno yamjie. Alichukua herufi za mzizi akazigeuzageuza: herufi tatu hutoa mipangilio 6, nne 24, tano 120. Kisha akatenga inayotumika na iliyoachwa. Jumla inayonasibishwa naye, kwa mizizi ya herufi mbili hadi tano zisizojirudia katika alfabeti ya herufi 28, ni 12,305,412. Chukua kikokotoo uihakiki, imenyooka.

Wapiga kengele za makanisa ya Uingereza nao walikuwemo katika zoezi hili la kupanga. Kengele ya mnarani ni nzito, haiwezi kuruka mbali katika zamu, hivyo kila mzunguko kengele hubadilishana zamu na jirani yake tu. Kitabu chao cha mwaka 1668, Tintinnalogia, kinaeleza namna ya kupita mipangilio yote kwa kubadilisha jirani wawili kila mara. Wanahisabati Trotter na Johnson waliitoa kanuni hiyohiyo kwa ajili ya kompyuta mwaka 1962 na 1963. Mwaka huo wa 1963, mjini Loughborough, watu wanane walipiga mipangilio yote 40,320 ya kengele nane, kwa takriban saa 18 bila kupokezana.

Njia ninayoipenda mimi ni ya Mhindi Narayana Pandita, karne ya 14. Inafuata mpangilio wa kamusi. Anza mwisho wa neno ukirudi nyuma, utafute herufi ya kwanza iliyo ndogo (yaani inayotangulia katika alfabeti) kuliko jirani yake wa kulia. Ibadilishe na herufi ndogo kabisa inayoizidi kati ya zilizo kulia kwake, kisha geuza mkia wote, yaani herufi zote zilizo kulia kwa nafasi hiyo. LAMI: herufi hiyo ni A, ikibadilishana na I tunapata LIMA, mkia MA ukigeuzwa, jibu ni LIAM. Rudia, utapata LIMA kamili. Hakuna haja ya kukumbuka ulikotoka.

Uzuri wake huonekana herufi zikijirudia. KATA ina A mbili, kwa hiyo mipangilio tofauti ni 12 tu. Ukianza na AAKT, yaani herufi zikiwa katika mpangilio wa alfabeti, njia ya Narayana hutoa 12 hizo. Ila chombo cha kupanga kilichomo ndani ya lugha ya programu ya Python huangalia nafasi, si herufi, kwa hiyo kitakupa 24, kila neno mara mbili. Wengi hudhani programu yao imeharibika.

Jambo la kuogopwa ni ukubwa. Herufi 10 tofauti zina mipangilio 3,628,800, na kompyuta huimaliza upesi. Herufi 20, hata kwa kasi ya mipangilio bilioni moja kila sekunde, zitachukua miaka 77. Ongeza moja tu, ziwe 21, na kazi inavuka miaka 1,600. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kitufe, hesabu herufi zako, na usijaribu kuihifadhi mipangilio yote kwa pamoja: itoe mmoja, utumie, uende kwa unaofuata.