Bima ya Nyumba ya Orofa: Ni Nani Aliyekatiwa, na Kwa Kitu Gani?

Watu wengi wa miji yetu sasa wanakaa katika majumba ya orofa, jamaa ishirini au thelathini chini ya paa moja, na ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Moto ukizuka kwa mmoja, moshi huwaingilia wote. Bomba likipasuka juu, maji humshukia wa chini. Basi tumeona yafaa tuandike maneno machache juu ya bima ya nyumba, kwani tumekuta watu wazima wenye akili zao wasiojua ni nani aliyekatiwa bima hiyo, na ni kwa kitu gani.

Haya tuliyashuhudia kwa macho yetu hapa Mombasa. Mama mmoja, mzazi wa wanafunzi wetu wawili, alikuwa amepanga fleti katika orofa ya tatu. Umeme ulipiga shoti asubuhi, na kabla ya adhuhuri vitanda, makochi, jokofu na cherehani aliyokuwa akishonea nguo za watu vilikuwa vimeteketea. Siku ile hakulia sana. Alituambia, "Maalim, mwenye nyumba ana bima, karatasi nimeiona mwenyewe." Na kweli bima ilikuwako. Watu wa bima walikuja, na baada ya muda kuta, dari, milango na nyaya za umeme zikatengenezwa. Kwa ile cherehani haikutoka hata senti moja. Hapo ndipo mama yule alipolia.

Hapana aliyemdhulumu. Mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye ndiye apataye hasara. Hasara ya mwenye nyumba ni jengo lake, na pengine kodi atakayoikosa wakati wa matengenezo, ikiwa jambo hilo limetajwa katika hati. Vyombo vya mpangaji ni mali ya mpangaji. Kodi anayolipa kila mwezi ni ujira wa kukaa, nayo haimpatii fungu lolote katika bima ya jengo.

Tena liko zito kuliko hilo. Moto ukiwa umetokana na uzembe wa mpangaji, kama kuacha chungu jikoni akatoka, kampuni ikisha kumlipa mwenye nyumba yaweza kumgeukia mpangaji na kumdai. Kwa hivyo mpangaji akikata bima ya vyombo vyake, na aulize pia juu ya bima ya dhima, ile inayosimamia hasara aliyowatia wengine. Maji yaliyomwagika kwako yakaharibu dari na zulia la jirani wa chini ni katika mambo hayo.

Ama aliyenunua fleti, huyo amesimama baina ya wawili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 juu ya majengo yaliyogawanywa kwa fleti imelitaka shirika la wenye fleti kulikatia jengo bima ya moto. Lakini sheria kutaka ni jambo moja na ada kulipwa ni jingine. Na aiombe hati aisome tarehe yake. Vyombo vyake vya ndani ni juu yake mwenyewe.

Wako pia wanaopunguza thamani ya vyombo ili ada iwe ndogo. Tuseme vyombo vyako ni vya shilingi 800,000, nawe ukaandikisha 400,000. Vikiungua vya 200,000 utadhani utalipwa zote. Hati nyingi zina sharti la kulipa kwa kadiri ulivyoandikisha: uliandikisha nusu, utapata nusu, yaani 100,000. Tena hati nyingi hazilipi wizi ila ikionekana kuwa mlango au dirisha limevunjwa, na nyingine husimamisha bima ya wizi nyumba ikikaa tupu kupita siku zilizotajwa. Afungaye nyumba kwenda Hija na asome sharti hilo kabla ya kufunga mizigo.

Najua wasomaji wetu watauliza juu ya uhalali. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi lililokutana Jedda liliamua kuwa bima ya biashara yenye ada maalumu ina gharari iliyo kubwa, na likakubali bima ya kusaidiana, ambayo watu huchangia mfuko wa kufidiana. Kampuni ya namna hiyo ilianza Sudan mwaka 1979, na Kenya mwaka 2011. Wako wanavyuoni wenye kauli nyingine, na mjadala wao hautoshi katika ukurasa huu.

Mama yule amepanga pengine. Ameandika vyombo vyake vyote katika daftari la shule la mwanawe, pamoja na bei na stakabadhi, akatuletea tumwekee chuoni, mbali na nyumba yake. Namba ya cherehani mpya imo katika mstari wa kwanza.