Rangi za Ramani ya Setilaiti: Tuliyoyaona Kilosa na Mikumi

Wanachama wetu watakumbuka kuwa katika mkutano wa matawi uliopita ililetwa ramani kubwa ya rangi, ikabandikwa ukutani mbele ya wajumbe wote. Upande mmoja wa mashamba yetu ulikuwa kijani, na upande wa pili mwekundu kama embe dodo lililoiva. Aliyeileta alitwambia kuwa nyekundu ni mikarafuu iliyochoka. Kwa rangi ile ikapendekezwa kwamba miche ya mwaka huu ipelekwe kwanza upande wa kijani, kwani huko ndiko ardhi yenye kuzaa. Wazee wa upande mwekundu waliondoka mkutanoni bila ya kugusa chai.

Kamati iliona kuwa haifai kugawa miche kwa rangi ambayo hapana hata mmoja katika sisi aliyejua imetoka wapi. Tulimwendea yule bwana tukamwuliza, naye akajibu kuwa "imetoka kwenye setilaiti". Jibu hilo ni sawa na kumwuliza mtu karafuu zake za daraja gani, naye akajibu kuwa zimetoka kwenye mti.

Basi tukakumbuka kuwa tunaye jamaa yetu, bwana shamba, anayefanya kazi Kilosa katika mkoa wa Morogoro, na kazi yake kubwa siku hizi ni ramani za namna hiyo. Tulikwenda watu wawili, sisi wa afisi pamoja na mzee mmoja wa kamati. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 na ambayo husimama Kilosa. Mzee wetu alisifu treni njia nzima. Alichokilalamikia ni kuwa hapakuwa na nafasi ya kutosha ya kunyoosha miguu kabla haijafika.

Watu wa Kilosa wana sababu ya kuzijua ramani hizi kuliko sisi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakahama nyumba zao, na reli ya kati ikaharibika vibaya. Tena, baina ya 2009 na 2014, baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo viliingia katika mradi wa kutunza misitu ulioendeshwa na Tanzania Forest Conservation Group pamoja na MJUMITA, na picha za setilaiti zikatumiwa kupima msitu uliopungua. Kwa hivyo mkulima wa huko, ukimwonyesha ramani, hukuuliza kwanza ni ya mwezi gani.

Bwana shamba alitukalisha mbele ya kompyuta yake, akafungua faili la mvua. Tulitazamia kuona picha. Tuliona tarakimu tupu, safu juu ya safu, mithili ya daftari la karani wa mizani. Akatwambia, "Hiki ndicho kinachotoka kwenye setilaiti. Rangi naitia mimi."

Maneno hayo mafupi ndiyo yaliyotupeleka Kilosa, na tunaomba kila mwanachama ayashike.

Programu aliyotumia kwanza inaitwa Panoply. Imetengenezwa na NASA, idara ya Marekani ya mambo ya anga, na hupatikana bure. Nyingine ni QGIS, nayo ni bure vilevile. Kazi ya programu hizi ni kuchukua kila tarakimu, kuiweka mahali pake kwenye ramani, na kuipa rangi kwa kufuata ngazi anayoichagua mwenye kompyuta. Alichukua mvua ya mwezi wa Aprili, akaiwekea ngazi inayoanzia sifuri na kuishia milimita 1,000. Wilaya nzima ikawa rangi ya mchanga, ungedhani ni jangwa. Kisha akashusha mwisho wa ngazi mpaka milimita 100. Wilaya ile ile, Aprili ile ile, ikawa buluu kama bahari kuu. Hakubadilisha hata tarakimu moja. Mara ya tatu akaweka 300, na hapo ndipo milima ya magharibi ilipojitenga na tambarare ya Mkata, kama anavyoijua mtu aliyekaa Kilosa.

Mzee wetu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, haya ni madaraja ya karafuu." Nasi twaona alisema kweli. Karafuu ni zile zile juu ya jamvi, lakini aliyeweka mpaka baina ya daraja la kwanza na la pili ndiye aliyeamua nani ataondoka na fedha nyingi. Akiusogeza mpaka, gunia lako limeshuka daraja nawe hujalitia hata tone la maji. Tena yapo mambo ya kutazamwa zaidi: usipoiambia programu wapi pa kuanzia na wapi pa kuishia, mara nyingi yenyewe hutafuta tarakimu ndogo kabisa na kubwa kabisa iliyopewa, ikazitandaza rangi zote baina yake. Kwa hivyo kila ramani lazima iwe na pahala pekundu, hata kama mashamba yote ni mazima. Aliye wa mwisho katika darasa la wenye akili naye huitwa wa mwisho.

Liko na jambo la kulainisha. Mvua ile ilitoka katika hesabu ziitwazo CHIRPS, zilizotengenezwa na wataalamu wa chuo kikuu cha California kule Santa Barbara, na zinaanzia mwaka 1981. Ndani yake nchi imegawiwa miraba ya kiasi cha kilomita tano na nusu kila upande. Pemba, isiyofika kilomita za mraba 1,000, kwa ukubwa wake ingepata miraba 32 hivi. Lakini programu ina kitufe cha kulainisha mipaka ya miraba, na kikiwashwa ramani hupendeza sana, rangi zikaingiana kama maziwa na chai, hata mtu akadhani anaona shamba lake na la jirani. Bwana shamba alikizima, na miraba ikajitokeza mikubwa kama majamvi. Katika mraba mmoja mna vijiji, mabonde, mikarafuu na minazi, na vyote vimepewa tarakimu moja.

Tukauliza: hiyo setilaiti huipimaje mvua kutoka juu? Kumbe katika hesabu hizi haiipimi hasa. Hupima ubaridi wa vilele vya mawingu, kwani wingu refu lenye kilele cha baridi kwa kawaida ndilo lenye mvua kubwa, kisha makadirio hayo hurekebishwa kwa vipimo vya mvua vilivyoko chini. Mvua ya wingu fupi lisilo baridi, ambayo sisi wa pwani tunaijua vizuri, yaweza kuhesabiwa pungufu. Na penye vipimo vichache vya ardhini, makadirio hayapati wa kuyasahihisha.

Siku ya pili tulikwenda Mikumi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1964 na barabara kuu ya Iringa hupita katikati yake, hata tembo tuliwaona bila ya kulipa kiingilio. Bwana shamba alitaka tuone ramani za moto. Setilaiti ziitwazo Terra na Aqua, zilizorushwa 1999 na 2002, na Suomi NPP ya 2011, ndizo zilizoleta khabari za joto la ardhi, na kila penye joto la moto programu hutia nukta nyekundu. Ramani ya kiangazi aliyotuonyesha ilifanya hifadhi nzima ionekane inateketea. Akaikuza ramani, na nukta zikaachana, baina yake pakaonekana nchi tupu. Sababu ni kuwa ukubwa wa nukta kwenye kioo haubadiliki. Ukitazama kutoka mbali, nukta moja hufunika kilomita kadhaa, ilhali kwa chombo cha Suomi NPP yenyewe yasimamia mraba wa mita 375 tu, na ndani ya mraba huo pengine kilichowaka ni kipande kidogo cha majani.

Tena setilaiti hiyo hupita kiasi cha saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto uliowaka saa kumi alasiri ukazimika magharibi haumo katika nukta zake. Na moto uliomo hausemi umewashwa na nani: katika hifadhi nyingi majani huchomwa makusudi mapema, ili kiangazi kikikaza pasiwe na moto mkubwa. Mtu wa mbali akiona nukta atasema wanakijiji wanachoma hifadhi. Tulimwuliza dereva wetu, mzaliwa wa hapo, akatujibu kuwa lawama hiyo wameizoea.

Tusieleweke kuwa tunazitukana ramani hizi. Picha za Landsat zinaanzia 1972, na tangu 2008 hutolewa bure; mtu aweza kuona mto wa Kilosa ulivyohama mwaka baada ya mwaka. Sentinel-1 hutumia mawimbi ya rada na huona mafuriko hata chini ya mawingu, kwa kuwa maji yaliyotulia huyatupa mawimbi upande wa pili na kutoka meusi kwenye picha. Sentinel-2 huonyesha mraba wa mita 10, ambao kwetu ni mkarafuu mmoja na kipande cha mwenziwe. Ila mkarafuu, mwembe na mfenesi vyote ni kijani mwaka mzima. Kijani cha setilaiti chasema majani yapo, hakihesabu vikonyo.

Jioni ya mwisho tulimwonyesha bwana shamba ramani yetu yenyewe. Alitafuta tarehe, hakuiona. Alitafuta ngazi ya rangi, hakuiona pia. Kisha akaweka kidole kwenye mpaka wa tawi moja na kucheka: shamba la mwanachama wetu lilikuwa baharini. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, na setilaiti hutumia kipimo kingine. Asiyevilinganisha huisogeza mipaka kiasi cha mita 300. Mita 300 kwetu ni mashamba mawili matatu. Huenda baadhi ya walioitwa wekundu wamebeba rangi ya majirani zao.

Ramani hiyo tumemrudishia aliyeileta, na pamoja nayo barua yenye maswali: ilipigwa mwezi gani, ilipima kitu gani, ngazi ya rangi yaanzia wapi na kuishia wapi, mraba mmoja una mita ngapi, na nani alikwenda kwa miguu kuhakikisha. Majibu yakifika tutayachapa hapa neno kwa neno.

Lakini miche haingoji barua. Mingine mizizi imekwisha toboa mifuko, na masika yako karibu. Kamati itatembelea mashamba ya pande zote mbili, ikianzia upande mwekundu, na kila mwanachama anaombwa awepo shambani kwake siku ya zamu ya tawi lake, au aweke mtu anayeijua mipaka. Zamu zimebandikwa mlangoni mwa afisi.