UBINGWA WA DAKTARI SI KIBAO CHA MLANGONI

Neno "bingwa" limeenea sana midomoni mwa wananchi wa Visiwa vyetu. Mzee akiumwa macho, jamaa husema atafutiwe bingwa. Mama akipata matatizo ya uzazi, shauri ni lile lile. Wapo wanaouza mbuzi au karafuu, wakakusanya nauli ya boti na kuvuka bahari hadi Dar es Salaam kumfuata bingwa aliyesifiwa. Juhudi hizo ni za haki kabisa. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaouliza swali moja la lazima: ubingwa huo umethibitishwa na nani?

Yafaa ieleweke kwamba leseni ya udaktari na ubingwa ni vitu viwili mbalimbali. Kijana anayesomea udaktari nchini mwetu hukaa chuoni miaka mitano, kisha hufanya kazi hospitali mwaka mmoja chini ya usimamizi wa waliomtangulia. Baada ya hapo ndipo anaposajiliwa kuwa daktari kamili. Huyo anastahiki heshima yetu, na kwa maradhi mengi anatosha. Hata hivyo, bado si bingwa. Ubingwa hutaka miaka mingine mitatu au zaidi ya kujifunza fani moja, wodini na katika chumba cha upasuaji, na mwisho wake ni mtihani mbele ya watu wanaoijua fani hiyo.

Waliopitia vyuo vya Kurani hawatalishangaa jambo hili. Mwanafunzi hupewa ijaza ya elimu aliyoisoma mbele ya sheikh wake, na sheikh huyo hujulikana kwa jina. Aliyepewa ijaza ya nahau haendi kugawa mirathi ya watu kwa ijaza hiyo.

Wala huu si uzushi wa jana. Historia inasimulia kwamba mwaka 931, huko Baghdad, mgonjwa alifariki kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru kwamba matabibu wa mji wasifanye kazi mpaka watahiniwe na Sinan ibn Thabit, na kila mmoja akapewa ruhusa kwa kadiri ya ujuzi ulioonekana kwake. Waliotahiniwa walizidi 800.

Karibu miaka elfu moja baadaye, Marekani ilikabiliwa na tatizo lile lile. Leseni ya jimbo ilimruhusu daktari kutibu maradhi yote, na aliyetaka kujiita bingwa alijiita. Mwaka 1916 madaktari wa macho waliunda bodi ya kwanza ya kuwatahini wenzao. Fani nyingine zikafuata, na mwaka 1933 bodi hizo zikaunda chombo kimoja cha kuziunganisha. Leo chombo hicho kina bodi 24. Cheti cha bodi kimebaki kuwa kitu mbali na leseni, na sheria haimlazimishi daktari kuwa nacho ndipo atibu. Kwa sababu hiyo wagonjwa wa huko hushauriwa kuuliza mapema.

Kwetu sisi, afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina Baraza lake la Madaktari, na Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo mgonjwa anayevuka bahari huwa ametoka katika daftari moja na kuingia katika jingine, na swali lake hana budi kulivusha pamoja naye. Kwa upande wa upasuaji, nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika zilianzisha chuo chao cha pamoja mwaka 1999, chenye makao makuu Arusha, ili madaktari wa nchi hizo wapimwe kwa kipimo kimoja.

Tunao pia wageni wetu. Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija kuwatibu wananchi wa Unguja na Pemba, na msaada wao haupimiki. Vyeti vya wageni huandikwa kwa lugha ambazo mwananchi wa kawaida hawezi kuzisoma. Ndiyo maana kazi ya kuvihakiki ni ya Baraza, wala si ya mgonjwa.

Hatusemi kwamba cheti ni hirizi. Bingwa naye ni binadamu na hukosea. Lakini mtu anayepasuliwa hujitoa mikononi mwa mwenzake akiwa hana fahamu. Hawezi kuupima ufundi wa anayeshika kisu, wala wa anayemtia usingizi. Wanaoweza kuupima ni wajuzi wa kazi ile ile, nao yapasa wawe wameupima kabla, si baada ya maiti kuoshwa.

Kwa hiyo tunawahimiza wananchi waulize: Daktari, umesomea fani gani, wapi, na nani amekuthibitisha? Kuuliza kwa heshima si utovu wa adabu, na daktari mwenye ubingwa wa kweli hataona taabu kujibu. Vile vile tunawataka viongozi wanaohusika wahakikishe kwamba kila hospitali na kila zahanati ya mtu binafsi inabandika mahali pa wazi majina ya madaktari wake na fani walizothibitishwa, kwa Kiswahili kinachosomeka. Orodha hiyo ifike hata kwa masheha, kwani mgonjwa wa Micheweni au Makunduchi anastahiki kuyajua hayo kabla hajauza mbuzi wake. Na kibao kinachotangaza ubingwa usiokuwemo katika daftari la Baraza kiondolewe bila ya kuoneana haya.

Afya ya mwananchi ni amana, na mwenye amana ana haki ya kujua amemkabidhi nani.